Daktari wa Mwendo Mara Mbili

Siku hizi kuweka kanula, kile kimrija cha mshipani, hujifunzwa kwenye kitanda: cha mwanafunzi, si cha mgonjwa. Video ya somo ni ya dakika 6. Ukiikimbiza mara mbili inabaki 3, chai haijapoa. Mkono wa kwenye video ni wa kijana mkakamavu, mshipa umetuna kama kamba ya jahazi, haulii, wala hauna mama mzazi aliyesimama pembeni na kanga begani. Sindano inaingia, damu inachungulia, hongera.

Wodini kuna bibi wa miaka 80, hajala vizuri wiki nzima, mishipa yake hukimbia ikiguswa. Daktari mtarajiwa anafunga mpira, anapapasa, anachoma. Hola. Anachoma tena.

“Mjukuu wangu, unatafuta nini humo?”

Sista anapita, anapapasa kwa kidole kimoja, anaweka kanula huku akilalamikia daladala.

Daktari William Osler, aliyefariki 1919, aliwatoa wanafunzi wa udaktari wa Johns Hopkins darasani akawapeleka kwa wagonjwa. Masikini, hakuwa na bando. Video inakumbusha hatua vizuri, itazameni. Ila wakuu wa vyuo, kabla ya kununua kamera nyingine, nunueni mikono ya plastiki ya kuchomwa, na huyo sista mlipeni kwa kufundisha.