Huduma Kamili

Wamarekani ni wa kuhurumiwa. Kule New Jersey, tangu 1949 dereva hakubaliwi kujitilia petroli. Sharti atiliwe na mhudumu, asije akajilipua. Oregon nao walianza marufuku hayo 1951, wakalegeza kamba 2023. Laiti wangepita kwetu Lumino, Uganda, kwenye barabara ya Busia kwenda Majanji, wangejifunza huduma ni nini.

Pampu yetu haijui umeme kukatika. Ni chupa ya maji ya kunywa, imewekwa mezani juani ili mteja ajionee rangi ya petroli. Mhudumu anachomeka faneli iliyokatwa kwenye chupa nyingine, anatandika kitambaa cha kuchujia, anamimina. Mwenye bodaboda hata hashuki. Kipimo ni jicho. Na mteja asikae na njaa: jirani anachoma mahindi, jiko la mkaa liko hatua tatu tu kutoka mezani.

Wakenya husubiri EPRA, mamlaka yao ya nishati na petroli, iwatangazie bei kila tarehe 14 ya mwezi. Sisi bei yetu ni mbichi kila asubuhi, kutegemea njia za panya zilivyoamka. Pale Busia, marais wawili walizindua kituo cha pamoja cha mpakani mwaka 2018, kizuri ajabu. Mitungi ya njano ya petroli, kwa adabu zake, haipiti hapo kuwaongezea maofisa kazi.

Wazima moto? Wa nini? Vumbi lote hili la barabarani si mchanga?