Mbwa Aliyewekwa Chini

Leeds, Jumatano usiku

Shangazi, shikamoo.

Mimi mzima, baridi ndiyo ile ile. Leo nina lawama. Wewe ndiye uliyenifundisha darasa la tano kwamba "put" ni weka na "down" ni chini. Nikakuamini, nikapanda nayo ndege.

Mwezi uliopita mwenzangu wa zamu, hapa nyumba ya wazee ninapofanya kazi, alikuja macho mekundu. Mbwa wao alikuwa mgonjwa, akasema, basi jana "we put him down." Wamemweka chini. Nikadhani amewachosha kumbeba. Nikamfariji: "Usijali, kesho mtambeba tena." Dada wa watu alilia mpaka akaruhusiwa kwenda nyumbani. Kumbe mbwa alichomwa sindano na daktari wa mifugo asiteseke. Ndiyo mwisho wake.

Nikashika adabu. Wiki iliyofuata nikampigia jirani kuomba chumvi. Ana mtoto mchanga. Akaninong'oneza: "I've just put the baby down." Shangazi, nilishuka ngazi peku! Nikamkuta mtoto kitandani, amelala fofofo. Kumbe mtoto akiwekwa chini amelazwa tu.

Sasa maneno hayo nayakuta kila mahali. Rubani akitua kwa dharura, ndege kaiweka chini. Maasi yakizimwa, yamewekwa chini. Ukimsuta mtu hadharani, umemweka chini. Sisi kitenzi tukikigeuza unakiona mkia: weka, wekea, wekeza. Cha Waingereza hakitikisiki, lazima utazame kwanza nani kawekwa, ndipo ujue ucheke au utoe pole.

Mwenzangu yule tumeshapatana. Nikamtambia kwamba kwetu mambo mepesi: tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki. Akaniuliza mswaki umekosa nini.

Jana sasa. Meneja kanipita koridoni na karatasi mkononi, anatabasamu: "I've put you down for Sunday." Shangazi, nilimwona mbwa. Niliiona sindano. Magoti yakalegea, nikamwuliza kosa langu ni lipi, na mbona Jumapili, siku ya Bwana. Akanionyesha karatasi: jina langu, saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Kaniandika zamu.

Kwa hiyo Jumapili usinipigie mpaka usiku. Na lile daftari lako la msamiati, kama bado unalo, lifungie kabatini. Watoto wa kaka wasilione.

Mwanao