Spika ya Kushoto

Kila Jumapili jioni, muziki ukishakolea sebuleni kwetu Igogo na wageni wakishaanza kuchambua sato, spika ya kushoto ilinyamaza. Mtu akifunga mlango kwa nguvu, inarudi. Baba aliamini mdogo wangu amechokonoa nyaya, akampiga marufuku kusogelea kabati la redio.

Shangazi alikuwa na kesi yake: wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kama moshi mwezi unapoandama na kuvamia kila penye taa. Alisema wameingia kwenye matundu ya amplifaya wakafia humo. Baba mdogo alishikilia kuwa ni umeme kupanda na kushuka. Lakini umeme ukiyumba huziyumbisha spika zote mbili, na wadudu waliokufa hawangoji muziki ukolee.

Fundi mmoja wa mjini akabadilisha transista za upande wa kushoto. Mezani kwake ikapiga kutwa nzima bila kasoro. Ilipofika nyumbani, Jumapili ileile ikanyamaza, na Baba akasema iuzwe kabla ya sendofu ya dada. Hapo ndipo pesa za watu wengi zinapoteketea, maana ugonjwa unaokuja na kuondoka hautibiwi kwa kubahatisha spea.

Mama akaingilia kati. Anauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na hesabu zake zote zimo daftarini. Kurasa za nyuma za daftari lile zikawa za amplifaya: imewashwa saa ngapi, imenyamaza saa ngapi, sauti ilikuwa juu au chini. Zikaonyesha kwamba asubuhi haijawahi kunyamaza, na kwamba sauti ikiwa juu hunyamaza mapema zaidi.

Ilipozima tena, Mama alizuia mlango usiguswe. Akazima swichi, akabadilishana nyaya za spika nyuma ya amplifaya, ya kushoto ikaenda kulia na ya kulia kushoto, akawasha. Sasa ikanyamaza spika ya kulia. Kwa hiyo spika zenyewe na nyaya zake hazikuwa na kosa. Akazirudisha, kisha akabadilishana waya mbili zinazoleta sauti kutoka kwenye deki. Ukimya haukuhama. Deki nayo ikaachiwa huru. Ugonjwa ulikuwa ndani ya amplifaya, na nyaya ambazo mdogo wangu alidaiwa kuzichokonoa zilikuwa nje.

Akaitwa fundi mwingine, kijana wa Mabatini. Alipotaka kuibeba, Mama akamwambia, "Hapana, mwanangu. Kwa fundi haiumwi. Kaa hapa uingoje."

Akakaa. Alichokiona kwanza ni kitambaa cha kufuma ambacho Bibi alikuja nacho kwa meli ya Nansio, kimetandikwa juu ya amplifaya na kuziba matundu yote ya hewa. Mezani kwa fundi wa kwanza mashine ilikuwa wazi, imepoa. Kwetu ilikuwa inapikwa.

Ilipozima, akachomoa waya ukutani, akafungua mfuniko, akapima kwa mita mpaka kapasita kubwa zilipoisha umeme, kwa kuwa zinaweza kumpiga mtu hata mashine ikiwa imechomolewa. Kisha akaiwasha kwa sauti ndogo, mkono mmoja mfukoni, akawa anagusa kipande kimoja kimoja kwa kijiti kikavu cha mianzi. Alipofika kwenye rilei, ile inayosikika ikigonga sekunde chache baada ya kuwasha, spika ya kushoto ikaruka.

Akachomoa tena, akageuza bodi, akatuonyesha kwa tochi: kuzunguka mguu mmoja wa rilei, risasi ilikuwa na ufa mwembamba wa mviringo. Kila joto linapopanda, mguu na bodi hutanuka kwa vipimo tofauti. Miaka ikipita risasi inachoka, inapasuka. Ikipoa, ufa hujifunga. Mlango ukibamizwa, hugusana. Akanyonya risasi ya zamani, akachomelea mpya, na akachomelea upya miguu mingine ya rilei ile.

Hakutaka kulipwa siku hiyo. Akasema itandikwe kitambaa kilekile, ipigwe kwa nguvu mpaka taarifa ya habari ya saa 2 usiku, ndipo kitambaa kiondolewe moja kwa moja. Ikapiga, pande zote mbili. Bibi akachukua kitambaa chake akakitandika juu ya friji. Baba akamwita mdogo wangu mbele ya shangazi na baba mdogo, akamwomba msamaha kwa kumsingizia, akamwambia sendofu ya dada muziki utakuwa mkononi mwake.