Sifa za Mnung'unikaji wa Trela

Wengine wasifu waigizaji. Mimi namsifu yule shabiki anayeona trela tu, kisha anaihukumu picha ya saa mbili na zaidi, hukumu isiyo na rufaa.

Alitukuka hasa Februari 2021, Disney ilipotoa trela ya filamu ya Cruella. Emma Stone alitokeza na nywele zake, upande mweusi upande mweupe, na adui wa siku zote akawa steringi. Picha yenyewe ilikuwa ya Mei, lakini mnung'unikaji hakuwa na haja ya kusubiri. Nani aliiomba? akauliza. Huyu si Joker wa 2019 aliyevalishwa gauni?

Kwanza nimsifu kwa kumbukumbu. Sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kumhurumia binti huyo, fundi hodari wa mitindo, katika London ya miaka ya 1970. Yeye akatukumbusha kwa upole (sawa, si kwa upole) kwamba huyu ndiye aliyetaka kuchuna watoto wa mbwa ashone koti. Tangu kitabu cha Dodie Smith cha 1956, katuni ya 1961, hadi filamu ya Glenn Close ya 1996, bibi huyo alipenda manyoya tu, basi, wala hakuomba huruma ya mtu. Sasa anatafutiwa utetezi, kana kwamba kuna hakimu anayemsubiri.

Wanung'unikaji wakatania: mbwa hao walimkosea nini? Filamu ilipotoka ikajibu bila kucheka: walimsukuma mama yake akaanguka kutoka jabalini. Hapo nawavulia kofia wanung'unikaji wote. Mzaha wao wa miezi mitatu ulipitwa na hati ya filamu yenyewe, nao wakaupokea ushindi huo kwa kelele zilizostahili. Na ile sigara yake ndefu iliondolewa, kwa kuwa Disney haikuruhusu uvutaji humo. Mbaya anaweza kusafishwa, mapafu yake pia yalindwe.

Halafu ile bidii! Huwezi kuchukia trela vizuri kwa kuitazama mara moja. Lazima uirudie, uisimamishe kwenye kila pindo la gauni, umtumie shemeji, umtumie na yule binamu asiyependa sinema kabisa. Kampuni hulipia mabango barabarani. Huyu huitangaza kazi ya kampuni kwa bando lake mwenyewe, bila mkataba, usiku wa manane. Tena siku ya kutoka, yeye ndiye wa kwanza. Marekani, aliyetaka kuitazama nyumbani alilipa karibu dola 30 juu ya ada ya kila mwezi ya Disney+, na kuna waliolipa ili tu wahakikishe kwamba ni mbaya.

Ni mwadilifu pia. Jenny Beavan alipopata Oscar ya mavazi mwaka 2022, mnung'unikaji alikiri kwamba nguo zilikuwa nzuri. Akaongeza "lakini", ikafuata nusu saa.

Kipaji chake, hata hivyo, kilifika kileleni mapema kuliko hapo. Juni 2021, siku chache tu baada ya filamu kuanza kuonyeshwa, ilithibitishwa kwamba sehemu ya pili inaandaliwa. Haikuwa na trela, wala bango, wala picha hata moja. Yeye alikuwa ameshaichoka.