Makazi ya Maikrowevu: Jaribio la Uainishaji

Linnaeus alipochapisha Systema Naturae mwaka 1735, alipanga mawe, mimea na wanyama, akaviacha vyombo vya jikoni bila mwenyewe. Hasara yake huonekana kila mtu anapokarabati jiko. Vigae vimechaguliwa, granaiti imekatwa, sinki limepewa dirisha, friji imetengewa kona yake. Halafu siku ya mwisho fundi anazunguka na maikrowevu kifuani, kama mtu aliyeachiwa mtoto asiyemjua, anauliza: “Mama, na hii?”

Makala haya yanakusudia kumjibu fundi kisayansi. Data zilikusanywa Dar es Salaam kwa njia ya kualikwa: chakula cha Jumapili, arobaini, kichen pati, na kwenda kumjulia hali mgonjwa ambaye tayari alikuwa amepona. Sampuli ina kasoro moja tu, kwamba nyumba zisizomkaribisha mtafiti hazimo.

Tatizo lenyewe ni changa. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, aliomba hataza ya kupika kwa mawimbi yaleyale yaliyokuwa yakitumika kwenye rada. Mashine ya kwanza kuuzwa, Radarange, ilitoka 1947 ikiwa na kimo cha mtu mzima, uzito wa kilo zaidi ya 300 na bomba la maji la kuipoza. Chombo cha namna hiyo hakitafutiwi mahali. Jengo ndilo hujipanga kukizunguka. Balaa lilianza 1967, pale kampuni ya Amana ilipotoa ya kukaa juu ya kaunta kwa dola 495. Tangu hapo maikrowevu imekuwa ndogo kiasi cha kuwekwa popote, na kwa sababu hiyo haina kwake.

Aina iliyoenea kuliko zote ni Maikrowevu ya Kileleni, ile inayoishi juu ya friji. Wanazuoni wa kale, yaani shangazi zangu, wanaieleza kwa hoja ya usalama: huko juu watoto hawaifikii. Hoja hiyo inaporomoka ukichunguza nani hutumwa kupasha chakula. Hutumwa mtoto. Anaburuta stuli, anapanda, anabonyeza, anasubiri hukohuko juu kama mlinzi wa minara, kisha anashuka na bakuli la mchuzi wa moto akitafuta sakafu kwa kidole gumba.

Maelezo yenye nguvu zaidi ni ya umeme. Anayejenga nyumba kwetu, katika vyombo vyote vya jikoni, huikumbuka friji tu. Soketi ya friji ipo hata kwenye jiko ambalo vingine vyote vitaishi kwa ekstensheni, tena mara nyingi ni soketi pacha. Tundu la pili likibaki wazi, linavuta. Maikrowevu inatambaa ukutani mpaka inalifikia, na kwa kuwa waya wake hauzidi mita moja na ushei, na pembeni mwa friji pamejaa ndoo za maji na gunia la mkaa, inapanda. Naiita Sheria ya Soketi: maikrowevu huishi pale unapofika waya wake, hata kama mkono wa mtu haufiki.

Friji ya milango miwili ina kimo cha sentimita 170 hivi. NKBA, chama cha wabunifu wa majiko na mabafu cha Marekani, kinashauri sakafu ya maikrowevu isizidi sentimita 137 kutoka chini, na iwe chini kidogo ya bega la mtumiaji mkuu. Ya Kileleni imezidi kipimo kwa futi nzima. Mtu wa kimo cha kawaida haoni kilichomo ndani ya bakuli, hukijua kinapomdondokea.

Ndani ya aina hii ipo spishi ndogo inayovaa kitambaa cha kufuma. Kitambaa hufunika matundu ya kupumulia, juu ya kitambaa huja chombo cha maua ya plastiki, na nyuma ya maua husimama bahasha za risiti za Luku. Mwongozo wa mashine huomba nafasi wazi juu na nyuma ili joto litoke. Mwongozo huo umehifadhiwa vizuri sana, kwenye droo, ndani ya nailoni yake, haujafunguliwa.

Aina ya pili, Maikrowevu ya Sebuleni, huchekwa na wageni. Mimi naitetea, na ndiyo iliyonifundisha mambo. Nyumba zetu nyingi zina majiko mawili: la ndani lenye makabati ya kung'aa, na la nje, uani, ambako ndiko ugali unakosongwa na samaki wanakokaangwa. Katika nyumba za kupanga jiko ni la wapangaji wote, na friji iko sebuleni karibu na televisheni. Mkazi wa nyumba ya namna hiyo akiiweka maikrowevu kando ya friji, juu ya meza yenye soketi yake, anaonekana mshamba. Kumbe amefanya uchambuzi ambao mafundi wa majiko ya kisasa hawajaufanya.

Mpishi hana haja na maikrowevu. Wali wake uko juu ya moto, maharage yako juu ya moto, na akitaka kitu kipate joto anakirudisha motoni. Anayeihitaji ni mchelewaji: baba aliyekwama kwenye foleni ya Ubungo, binti aliyetoka chuo saa tatu usiku, yule aliyekuta sahani yake imefunikwa kwa sahani nyingine. Ni mashine ya kiporo, na kiporo kinatoka kwenye friji kwenda mezani. Hakipiti jikoni. Ramani zote za ukarabati nilizoonyeshwa zilimpanga mpishi, hatua zake kati ya sinki, jiko na kaunta, kisha zikaisukumia maikrowevu kwake kana kwamba ni yake. Mchelewaji hakuwepo kikao kilipofanyika. Alikuwa njiani.

Nyingine nitazipitia haraka. Ya Juu ya Jiko, inayoning'inia juu ya moto na kuvuta moshi kwa wakati mmoja, ni ya Marekani. Kwetu haijashika mizizi, na ninamwombea anayeijaribu mahali ambapo samaki hukaangwa kwa mafuta mengi. Ya Boksini ni zawadi ya kichen pati iliyo juu ya kabati la nguo chumbani, ikisubiri wenyewe wahamie kwao. Haiwezi kukosewa mahali, kwa hiyo katika sayansi hii ndiyo safi kuliko zote. Ya Kaunta, iliyotuliwa tu karibu na mahali pa kukatia vitunguu, inakula nafasi ya ubao na kupata mafuta usoni. Haina siri yoyote.

Ya Kabatini inastahili neno. Hii ndiyo ndoto ya kila anayekarabati: shimo la mraba kwenye makabati, mashine imezama humo, uso umelingana na milango. Seremala huja na futi, hupima mwili wa mashine, wala hapimi pumzi yake. Ile ndogo ya lita 20 ina upana wa sentimita 45 hivi na kina cha 35 au karibu yake, kabla hujaongeza plagi na waya uliokunjwa nyuma. Makabati ya juu mara nyingi yana kina cha 30 hadi 35. Matokeo yake ni mashine inayochungulia nje kama jino la mbele, au iliyobanwa hadi inazima katikati ya kazi kwa joto. Na siku itakapokufa, mpya haitakuwa na vipimo vilevile, kwa hiyo kabati litavunjwa kwa ajili ya kiporo.

Jibu kwa fundi basi ni hili. Iwekwe ubavuni mwa friji, upande wa kuelekea mlango wa chumba cha kulia, mbali na moto, kwenye rafu ya wazi iliyo kati ya kiuno na kifua cha mfupi kuliko wote anayetumwa. Friji iwe kushoto kwake na kaunta tupu iwe kulia, angalau sentimita 40, kwa sababu mlango wa karibu kila maikrowevu hufunguka kuelekea kushoto; pa kutua bakuli pakiwa kushoto, mtu anazunguka mlango akiwa na uji unaochemka mkononi. Ipewe soketi yake ukutani, isichangie ekstensheni na birika la umeme. Birika huvuta wati 2,200 hivi na maikrowevu ya kawaida 1,200, jumla 3,400, wakati plagi ya ampea 13 kwa volti 230 huishia karibu na 3,000. Fundi umeme aitwe kabla ya mtu wa vigae, maana akija baadaye atachimba ukuta mpya, na ugomvi huo haumo katika uwanja wa utafiti huu.

Imebaki aina moja inayonisumbua: Maikrowevu Marehemu. Imeungua siku nyingi, waya wake umefungwa kwa mpira, na sasa ni kabati la mkate, kwa sababu mlango wake unafunga vizuri, panya haingii, na sisimizi hawaoni njia. Haihitaji umeme. Kwa Sheria ya Soketi ilipaswa kuwa huru, iende mezani, dirishani, popote mkate unapoliwa. Katika nyumba zote nilimoiona, bado iko juu ya friji. Tabata niliikuta na kitambaa chake, na mpya imewekwa juu yake, na wa kuishusha chai ya maziwa kutoka huko alikuwa ni mimi.