Mapishi ya Shangazi na Deni la Harusi

Shangazi alitaka blogu ya mapishi tu. Binamu akadandia na yake ya soka, na kijana wa jirani, ambaye hakuna aliyemwalika, akaomba ya mashairi. Mwandishi wa safu hii, aliyewahi kunasua karatasi kwenye printa ya ofisi na tangu siku hiyo akaitwa mtaalamu, akawaambia watulie. WordPress, tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, hubeba blogu nyingi kwa pamoja, kila moja na jina lake mbele ya kikoa kikuu, mithili ya wapangaji wa nyumba moja wenye milango tofauti.

“Shangazi, saa mbili usiku utakuwa unaandika.”

Akahariri faili la wp-config.php, akaunda tovuti ya mapishi, akabofya. Kivinjari kikasema jina hilo halipo. Akabofya tena, na tena, kama anayeita lifti iliyokatikiwa umeme.

Alikuwa amesahau nyota. WordPress huunda tovuti, lakini kuitangazia dunia jina lake ni kazi ya DNS, na huko huandikwa * mbele ya kikoa, maana yake jina lolote litakaloulizwa liletwe kwenye seva hii. Akaiweka. Jibu likawa lile lile: halipo.

Hapa DNS ina tabia ya mama mkwe: hata “hapana” yake huikumbuka. Ukiuliza jina kabla halijaandikwa, jibu la kwamba halipo huhifadhiwa, na kwa kikoa chake lilihifadhiwa saa nzima. Kiherehere chake ndicho kilichomfungia mlango. Shangazi, ambaye hakuwa ameuliza chochote, akafungua kwa bando la simu yake na akaingia bila hodi.

Kisha akapiga simu.

“Wee mtoto, pilau liko wapi? Mimi naona michango ya harusi ya binamu yako. Na eti nadaiwa elfu hamsini!”

Seva hiyo hiyo ilikuwa bado na tovuti ya kamati ya harusi ya mwaka uliopita. Apache, programu inayopokea wageni kwenye seva, isipolitambua jina aliloliuliza mgeni haimfukuzi. Humkaribisha kwenye tovuti ya kwanza katika orodha yake, na mafaili ya orodha hiyo husomwa kwa alfabeti. Harusi.conf ikaitangulia ukoo.conf, faili la blogu hizi mpya. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa ServerAlias, wenye nyota ile ile, kisha kuiwasha Apache upya.

Kilichobaki kilikuwa cheti cha usalama. Let's Encrypt hutoa vya nyota bure tangu 2018, ila huthibitisha umiliki kupitia DNS peke yake, kwa hiyo akarudi kule kule, safari hii bila kubofya mapema.

Saa tano usiku mapishi yakafunguka. Shangazi akachapisha la kwanza papo hapo. Halikuwa pilau. Ilikuwa picha ya ujumbe wa simu, muamala wa shilingi elfu hamsini kwa mweka hazina wa kamati, tarehe ikiwa imezungushiwa duara jekundu.