Akiba ya Ulimi

Katika madai yote ambayo binadamu huyadai juu ya nafsi yake, hakuna dai jepesi kulitamka na zito kulithibitisha kama la mtu asemaye kuwa haogopi pilipili. Mwenye kujisifu kwa kuogelea huweza kuishi umri wake wote mbali na maji, na mwenye kujisifu kwa ushujaa wa vita huweza kujaaliwa zama za amani. Lakini mwenye kusema kuwa pilipili haimwezi huletewa sahani papo hapo, na kabla hajamaliza kula, jasho la kipaji chake huanza kutoa ushahidi juu yake mbele ya hadhara.

Shemeji yangu wa Mombasa ni imamu wa wadai hao. Jirani yake ni bibi wa Kipunjabi, ambaye wazee wake waliletwa pwani na ujenzi wa reli ulioanza Mombasa mwaka 1896, na ambaye kwa ukarimu wake alikubali kumfundisha mchuzi wa kuku kama upikwavyo kwao. Alipomaliza somo la mchuzi akaanza somo la raita, yaani maziwa ya mgando yatiwayo tango na bizari, ambayo kazi yake mezani ni kutuliza kinywa, lakini mwanafunzi akamkatiza kwa adabu: "Ahsante sana, Mama, ila nyumbani kwangu hakuna mgonjwa." Bibi akamtazama kwa huruma, akasema, "Haya, mwanangu," wala hakuongeza neno.

Siku ya karamu mchuzi ulikuwa mwekundu wa kupendeza, ukasifiwa kwa macho kabla ya kusifiwa kwa vinywa. Na kwa vinywa, kusema kweli, haukusifiwa kabisa, maana baada ya matonge machache hapakubaki kinywa chenye uwezo wa kutamka lolote. Tuliukimbilia mtungi wa maji, na maji yakatudhulumu. Ukali wa pilipili hutokana na kitu kiitwacho kapsaisini, ambacho hakikubali kuyeyuka katika maji bali katika mafuta, kwa hiyo kila funda lilisafirisha moto kutoka ncha ya ulimi, ambako angalau ulikuwa na mipaka, hadi kooni ambako haukualikwa. Dawa imo katika maziwa, kwa kuwa yana protini iitwayo kaseini, ambayo huishika kapsaisini na kuiondoa ulimini. Pilipili yenyewe si mzaliwa wa India. Asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio walioifikisha India baada ya Vasco da Gama kufika Calicut mwaka 1498, ilhali kabla ya hapo Wahindi walitegemea pilipili manga na tangawizi. Mgeni huyo aliyakuta maziwa ya mgando yamekwisha kukaa mezani tangu dahari. Shemeji yangu alimkaribisha mgeni, akamwacha mwenyeji mlangoni.

Ndipo, machozi yakimtiririka, alipoazimia kutengeneza raita. Kwa mwenye subira kazi hiyo ni nyepesi: tango hukwaruzwa, likatiwa chumvi, likaachwa litoe maji yake, kisha likakamuliwa; bizari nyembamba hukaangwa bila ya mafuta mpaka inukie, ikasagwa; maziwa hupigwa yakawa laini, na vyote vikachanganywa pamoja na majani ya nanaa au dania. Lakini ulimi unaoungua haujui kungoja. Tango halikukamuliwa, likageuza bakuli kuwa kisima, bizari ilisahauliwa motoni, ikatoka nyeusi na chungu, na mtoto aliyetumwa dukani, kwa kuwa hakuambiwa zaidi ya "Maziwa ya mgando, upesi!", alirudi na yale ya vikopo, matamu, ya rangi ya waridi, yenye ladha ya stroberi. Vyote vikachanganywa, nasi tukala, maana wakati wa dhiki mtu haulizi nasaba ya mwokozi wake. Na ni haki kukiri kuwa bakuli lile, pamoja na fedheha yake yote, lilipunguza moto, kwani kaseini haikuona haya kukaa na stroberi.

Bibi wa jirani, aliyesikia vikohozi vyetu dirishani, alibisha hodi akiwa na raita yake iliyokuwa tayari tangu asubuhi, akauliza kwa upole, "Mgonjwa ni nani?" Nyumba nzima ikanyoosha mikono.

Hapo ndipo ilipo hikima ya chakula hiki: hakitengenezeki vema ila na mtu ambaye bado hajaungua, na mtu ambaye bado hajaungua ndiye hasa asiyeona haja ya kukitengeneza. Tangu siku hiyo shemeji hapiki mchuzi ule bila ya raita, na kwa kulinda heshima yake husema kuwa anaila kwa ajili ya harufu ya bizari tu; nasi, tuliokuwa pamoja naye mtungini, hatuna ulimi wa kumkadhibisha.